Deni la Tope

Wahenga walituachia usemi kwamba mwacha asili ni mtumwa. Tumeusikia tangu utotoni, misibani, harusini na katika vikao vya ukoo, na mara nyingi husemwa kumkemea kijana aliyefika mjini akajisahau. Usemi huu ni wa kweli. Lakini wahenga hawakutuambia jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni gumu kuliko la kwanza: mtu akishaijua asili ya kile anachokitumia kila siku, anadaiwa nini? Je, kujua kwamba shamba hili, nyumba hii au elimu hii ilitoka kwa fulani kunatosha, au kujua huko kunazaa wajibu? Na kama huyo fulani hakukusudia kutoa, bali aliondolewa tu kile alichokuwa nacho, na mvua, na desturi au na nguvu za wengine, je, bado kuna deni la kulipa?

Ndugu msomaji, nataka tulitazame swali hili kwa msaada wa kitu kisicho na heshima yoyote mbele ya watu, nacho ni tope. Si tope lolote, bali tope la mto Nile, ambalo wanasayansi wamelichunguza kwa njia za kikemia kwa miaka mingi ili wajue lilitoka wapi na lini. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Viktoria tumelelewa na fahari kwamba Nile ni mto wetu. Pili, habari ya tope hilo inatulazimisha kutofautisha mambo matatu ambayo tumezoea kuyachanganya, yaani asili, umiliki na deni.

Shuleni tulifundishwa kwamba Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa letu mwaka 1858, kisha akarudi na kufika Jinja mwaka 1862, akatangaza kwamba amepata chanzo cha Nile. Walimu wetu hawakukosa kucheka kidogo walipofika hapo, kwani Waganda walikuwa wakiliita ziwa hilo Nalubaale na Wajaluo wakiliita Nam Lolwe muda mrefu kabla Speke hajazaliwa. Warundi nao wana piramidi ndogo huko Rutovu, karibu na chemchemi wanayosema ndiyo ya mbali kuliko zote upande wa kusini. Wanyarwanda wanatuonyesha msitu wa Nyungwe. Waethiopia wanatuonyesha Gish Abay, chemchemi ya Abay, yaani Nile ya Buluu, ambayo maji yake huheshimiwa kuwa matakatifu. Kila mmoja ana chanzo chake na kila mmoja ana hoja yake.

Lakini ubishi wote huo ni ubishi wa maji. Wamisri wa kale hawakuiita nchi yao kwa jina la maji. Waliiita Kemet, nchi nyeusi, kwa sababu ya udongo mweusi uliokuwa kando ya mto, tofauti na jangwa jekundu lililowazunguka. Kila mwaka mto ulifurika wakati wa kiangazi chao, ukafunika mashamba, kisha ukarudi mahali pake ukiacha tabaka jembamba la tope jipya. Juu ya tope hilo walipanda ngano na shayiri, wakalipa kodi kwa farao na kulisha maelfu ya watu waliojenga mapiramidi. Waliamini kwamba mafuriko ni kazi ya mungu wao Hapi, aliyekaa pangoni karibu na maporomoko ya Aswan. Wakamwimbia na kumtolea sadaka. Hawakuwa na njia ya kujua kwamba zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo, kwenye milima ya Ethiopia, mvua ilikuwa ikiosha mashamba ya watu wengine.

Sasa tuingie katika kemia kidogo, na msomaji asiogope, maana jambo lenyewe linaeleweka. Karibu kila mwamba una kiasi kidogo cha strontiamu, ambayo ni metali inayofanana kwa tabia na kalsiamu. Atomu za strontiamu hazilingani uzito, na aina hizo zenye uzito tofauti huitwa isotopi. Mbili zinatuhusu hapa, ile ya 86 na ile ya 87. Ile ya 86 haiongezeki. Ile ya 87 huongezeka polepole mno, kwa sababu aina moja ya metali nyingine iitwayo rubidiamu hugeuka yenyewe kuwa strontiamu ya 87. Polepole kiasi gani? Nusu ya rubidiamu hiyo huhitaji miaka ipatayo bilioni 49 ili igeuke, na dunia yenyewe haijafikisha hata miaka bilioni 5. Basi mwamba mkongwe wenye rubidiamu nyingi, kama yale mawe makubwa ya graniti tunayoyaona yamepandana pale Mwanza, huwa na strontiamu ya 87 nyingi ukilinganisha na ya 86. Mwamba wa volkeno uliotoka chini ya ardhi majuzi, na hapa nasema majuzi kwa hesabu ya dunia, huwa nayo kidogo.

Nyanda za juu za Ethiopia zimefunikwa na mwamba mweusi wa volkeno uitwao basalti, ambao sehemu kubwa yake ilimwagika takriban miaka milioni 30 iliyopita. Katika mwamba huo, ukigawa strontiamu ya 87 kwa ile ya 86, unapata karibu 0.704 au 0.705. Tope la Nile Nyeupe, linalotokana na miamba mikongwe ya bara letu, hupita 0.710. Tofauti hiyo inaanzia kwenye tarakimu ya pili au ya tatu baada ya nukta, lakini mashine ya kupimia uzito wa atomu huiona wazi kama wewe na mimi tunavyoona tofauti ya chai ya rangi na chai ya maziwa. Na mwamba unaposagika ukawa tope, ukasafiri na mto kwa maelfu ya kilomita, alama hiyo kwa kiasi kikubwa hubaki nalo.

Nimevutiwa zaidi na uangalifu wa kazi yenyewe. Mtafiti huchimba tope la kale kwa bomba refu, akalitoa likiwa limepangana kama lilivyolala, la juu jipya na la chini kongwe. Hukata vipande na kutafuta umri wa kila kimoja. Kabla ya kupima, hukiosha kipande kwa asidi hafifu ili kuondoa chokaa na mabaki ya makombe, kwa sababu makombe ya baharini yana strontiamu ya bahari, yenye uwiano wa karibu 0.709, na yakiachwa yatatoa ushahidi wa uongo. Humbidi pia afikirie vumbi la Sahara, ambalo hupeperuka na kuanguka majini likajifanya tope la mto. Hakubali shahidi wa kwanza anayejitokeza. Laiti sisi tungekuwa waangalifu hivyo tunaposimulia asili zetu wenyewe.

Je, tope lilisema nini? Kwanza lilitupunguzia majivuno sisi watu wa ziwa. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za tope la Nile kuu lilikuwa likitoka Ethiopia, likiletwa na Nile ya Buluu na mto Atbara. Letu halifiki. Linatua katika maziwa, na lile linalopita linanaswa na mabwawa makubwa ya Sudd huko Sudan Kusini, ambako hata karibu nusu ya maji yenyewe hupotea hewani. Mwaka 2018 kundi la watafiti lililoongozwa na Laura Fielding lilitoa matokeo ya kuchunguza mashapo kutoka chini kabisa ya delta ya Misri, kwa kutumia strontiamu, isotopi nyinginezo na umri wa chembe za madini ya zirkoni. Walionyesha kwamba udongo wa Ethiopia umekuwa ukifika huko kwa miaka isiyopungua milioni 30 hivi. Kabla ya hapo wako wataalamu waliodhani safari hiyo ilianza miaka michache ya milioni iliyopita.

Lakini tope pamoja na makombe halikutunyima kila kitu. Ziwa letu lilikauka wakati wa enzi ya barafu, na mashapo yaliyochimbwa chini yake yana dalili za ardhi kavu iliyoota nyasi. Takriban miaka 15,000 iliyopita mvua zilirudi, ziwa likajaa likamwagika kaskazini. Mwaka 2000 Michael Talbot, Martin Williams na Donald Adamson waliandika jinsi strontiamu katika mabaki ya kale ya bonde la Nile Nyeupe inavyoonyesha wakati ule maji ya maziwa yetu yalipoungana tena na mto. Na kwa muda mrefu, katika miezi ambayo Ethiopia haina mvua, ni Nile Nyeupe iliyotoa sehemu kubwa ya maji. Kila mmoja basi ana mchango wake, lakini si ule aliokuwa akijisifia.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike insha hii. Mwaka 2002 Michael Krom na wenzake walitoa matokeo ya kupima strontiamu katika tope la miaka 7,000 kutoka kwenye delta, karibu na ziwa Manzala. Mtu angetarajia kwamba nyakati za mvua nyingi Ethiopia ndizo zilizoleta tope jingi la Ethiopia. Ikawa kinyume. Mvua zilipokuwa nyingi, milima ilivaa miti na majani, na mizizi ilishika udongo. Mvua zilipopungua, majani yalikufa, ardhi ikabaki uchi, na mvua chache zilizoanguka zikaukomba udongo na kuupeleka mtoni. Alama ya Ethiopia inaonekana sana katika tope la takriban miaka 4,200 iliyopita, wakati mafuriko ya Misri yalipokuwa haba na ule ufalme uliojenga mapiramidi ulipokuwa ukisambaratika. Kwa hiyo ule udongo mwingi kutoka kwa jirani haukuwa dalili ya neema yake. Ulikuwa dalili kwamba jirani ana shida.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Tunapenda kusema kwamba tope la Nile lilikuwa zawadi. Lakini zawadi ina mtoaji, na mtoaji ana nia. Mkulima wa Gojjam aliyeamka asubuhi akakuta kipande cha shamba lake kimekwenda na maji hakumpa mtu zawadi. Alipoteza. Hakujua kilikwenda wapi, na aliyekipokea hakujua kimetoka wapi. Hasara ya mmoja iligeuka kuwa mavuno ya mwingine, na hakuna aliyetenda kosa. Je, hapo pana deni?

Wako watakaojibu kwamba hapana. Watasema mto si mtu, mvua haina mkataba, na aliyepokea bila kuomba wala kuiba hadaiwi kitu. Jibu hili lina nguvu. Tukisema kila faida isiyoombwa ni deni, hakuna atakayemaliza kulipa. Tutadaiwa na jua, na upepo, na mababu waliokufa kabla lugha zetu hazijazaliwa.

Wako watakaojibu kwamba ndiyo, na deni ni la kitu chenyewe. Watasema kilichotoka kwangu ni changu, popote kilipo. Jibu hili linavutia moyo, lakini likifuatwa hadi mwisho linaangamiza. Udongo uliofika delta miaka 5,000 iliyopita umelimwa na vizazi vya Wamisri, umechanganyika na jasho na mifupa yao. Hauwezi kurudishwa, na yule anayeulima leo hakumnyang'anya mtu. Kemia inaweza kutuambia udongo ulitoka Ethiopia. Haiwezi kutuambia kwamba ni wa Ethiopia. Hayo ni maneno mawili tofauti, na damu nyingi imemwagika katika Afrika yetu kwa sababu ya watu kuyafanya neno moja. Mtu akianza kuulizwa babu yake alitoka ng'ambo ipi ya ziwa, mara nyingi anayeuliza hatafuti historia. Anatafuta shamba.

Hapa sina budi kuleta jambo la nyumbani kwetu, maana swali hili kwangu si la vitabuni tu. Tulizaliwa saba. Mwaka nilipochaguliwa kwenda sekondari, dada yangu aliyenitangulia alikuwa tayari kidato cha pili, na darasani alikuwa na akili kuniliko. Mwaka ule pamba haikulipa. Wazazi walikaa wakazungumza usiku, na asubuhi tukaambiwa kwamba dada atabaki nyumbani ili mimi niende. Hakuulizwa. Mimi pia sikuulizwa, nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikasoma, nikapata kazi, nikaoa, nikajenga. Dada akalima, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume mapema.

Miaka mingi baadaye, katika harusi ya kijana wangu wa kwanza, mjomba mmoja alisimama akamsifu dada mbele ya watu kwa moyo wake wa kujitolea, kwamba alimwachia mdogo wake shule. Akina mama wakapiga vigelegele. Jioni, tulipokuwa tumekaa uani na wageni wamepungua, dada aliniambia kwa sauti yake ya siku zote, "Mdogo wangu, mimi sikukuachia. Walinichukulia wakakupa wewe. Mtu asishukuriwe kwa kitu ambacho hakukitoa." Nilimwuliza angependa nifanye nini. Alifikiri kidogo, akasema, "Siku ukisimama wewe, usiseme wazazi walitusomesha sote. Sema ilivyokuwa. Na huyu binti yangu wa mwisho asije akaachishwa shule."

Nimeyaweka maneno hayo moyoni kuliko mengi niliyosoma. Dada hakusema kwamba elimu yangu ni yake. Hakudai mshahara wangu wala nyumba yangu. Wala hakusema, kama wale wa jibu la kwanza, kwamba yamepita na hakuna deni. Alinidai mambo mawili. La kwanza, kusema kweli juu ya kilikotoka. La pili, kuzuia hasara ileile isiendelee kwa anayekuja nyuma yake. Naona kwamba hayo mawili ndiyo deni halisi la mtu aliyefaidika bila kosa kutokana na hasara ya mwingine.

Tulitazame la kwanza. Mjomba hakuwa na nia mbaya. Lakini shukrani yake ilikuwa namna ya kuficha. Ilimgeuza aliyenyimwa kuwa mtoaji, na ikawaondoa waamuzi katika habari. Mara nyingi tunafanya hivyo. Tunawashukuru wanyonge kwa kujitoa kwao, kumbe tunawaomba wakubali kwamba walitoa kwa hiari. Ndiyo maana nasema ukweli wa asili unatangulia shukrani. Yule mtafiti anayeosha chokaa kabla ya kupima anafanya kazi ambayo mjomba hakuifanya. Anaondoa kinachopendeza ili kibaki kilicho kweli.

Na ukweli huo hubadilisha hali ya aliyepokea. Mmisri wa zama za farao aliyemshukuru Hapi hana lawama, kwa kuwa hakujua. Mimi nikiwa mtoto wa miaka kumi na minne sikuwa na namna. Lakini anayejua hayuko mahali pamoja na asiyejua. Kabla ya kujua, kunyamaza ni kutojua tu. Baada ya kujua, kunyamaza ni uamuzi. Hapo ndipo wajibu unapozaliwa. Hauletwi na tope lenyewe. Unaletwa na kujua lilikotoka.

Tuitazame sasa historia ya karibu. Mwaka 1929 Misri ilikubaliana na Uingereza, iliyosema kwa niaba ya makoloni yake yaliyo juu ya mto, kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji haitafanywa bila ridhaa ya Misri. Watu wa Tanganyika, Uganda na Kenya hawakuulizwa. Mwaka 1962 Tanganyika huru, chini ya Mwalimu Nyerere, ilitamka kwamba haifungwi na makubaliano hayo. Mwaka 1959 Misri na Sudan zilikuwa zimegawana maji, mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, na Ethiopia, ambako hutoka takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan, haikuitwa mezani. Wakati huo hapakuwa tena na mtu wa kudhani kwamba mafuriko yanatoka pangoni. Ilijulikana. Lakini asili haikutajwa mahali ilipopasa kutajwa.

Sisemi haya kuidharau haja ya Misri. Ni nchi ya watu zaidi ya milioni 100 ambayo karibu haina mvua, na bila mto haipo. Mtu mwenye kiu hahojiwi kwanza. Wala sisemi kwamba Ethiopia, kwa kuwa maji yanaanzia kwake, inaweza kufanya lolote inalotaka. Nimekwisha kusema kwamba asili si umiliki. Ninachosema ni kwamba mazungumzo yoyote ya haki lazima yaanze na maelezo ya kweli ya nani amekuwa akipoteza nini. Mkataba wa ushirikiano wa bonde la Nile, uliofunguliwa kwa sahihi huko Entebbe mwaka 2010, ulianza kufanya kazi Oktoba 2024 bila Misri wala Sudan kujiunga. Bwawa kubwa ambalo Ethiopia imejenga juu ya Nile ya Buluu lilianza kujazwa mwaka 2020, na likazinduliwa Septemba 2025. Mambo haya yanaonyesha kwamba asili isipotajwa kwa hiari, siku moja hujitaja yenyewe.

Sasa deni la pili, la kuzuia hasara isiendelee. Bwawa kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, na tangu lilipoanza kuzuia mafuriko tope hubaki nyuma yake. Mkulima wa delta hununua mbolea, na bahari inakula sehemu za pwani ambayo zamani ilijazwa na tope jipya kila mwaka. Huko Roseires, Sudan, tope limejaa ndani ya bwawa na kulipunguzia nafasi ya maji. Kile kilichoimbiwa nyimbo zamani sasa ni kero kwa wahandisi. Lakini kule juu hakuna kilichobadilika kwa mkulima. Mvua za Julai na Agosti bado zinaukomba udongo wake. Huko Tigray, ambako mto Tekeze hupita ukielekea Atbara, wanakijiji wamejenga kwa mikono yao kuta fupi za mawe kukingama miteremko, ili maji yatembee taratibu na udongo ubaki. Kila ukuta unanufaisha walio juu na walio chini pia. Kama aliye chini angetaka kulipa deni lake kwa namna iliyo na maana, asingehitaji kupeleka udongo nyuma. Angesaidia kupanga mawe.

Na tusiwaachie Wamisri peke yao somo hili. Mto Kagera huingia katika ziwa letu ukiwa na rangi ya kahawia, na rangi hiyo ni vilima vya Rwanda na Burundi. Wavuvi wetu hulalamika kwamba maji yamechafuka, na magugumaji hustawi kwa rutuba iliyotoka kwenye mashamba. Sijasikia wengi wakiuliza ni mkulima gani amebaki na kokoto tupu huko juu. Tunaliona tope pale linapotufikia. Mahali lilipoondoka hatupaoni. Basi sisi pia ni wapokeaji, ingawa safari hii tulichopokea hatukukipenda.

Pengine msomaji ataniuliza kama nimelipa deni langu. Binti wa mwisho wa dada amemaliza chuo, na hilo si sifa yangu peke yangu. Lile jingine ni gumu zaidi, kwa sababu halilipwi mara moja likaisha. Kila mkutano wa ukoo, kila msiba, kila mara kijana anaponiuliza nilifikaje hapa nilipo, deni huja upya, na kila mara kuna jibu fupi linalopendeza na jibu refu lililo kweli. Nasimulia hilo refu. Wengine hawalipendi, hasa wazee, wanaoona kwamba naaibisha marehemu. Mimi naona siwaaibishi. Wazazi wetu walikuwa na mtoto mmoja zaidi kuliko fedha, na desturi iliwaambia yupi aachwe. Ni vizuri wajukuu wao wajue desturi hiyo ilichukua nini na kwa nani, kabla wao nao hawajakaa usiku mmoja kuamua jambo kama hilo.

Mwacha asili ni mtumwa, ndivyo tulivyoambiwa. Ningeomba tuongeze kwamba aijuaye asili anabeba mzigo. Si mzigo wa kurudisha kila kitu kilikotoka, maana mto haupandi mlima. Ni mzigo wa kutaja bila kupamba, na wa kuwaangalia wale ambao leo hii, wakati sisi tunavuna, udongo wao unakwenda.